Tulianza 112, tukavaa joho 74: wale 38 walikwenda wapi?

#1 CR_Mstaafu

Wakuu, salaam.

Nilikuwa CR, yaani kiongozi wa darasa letu, miaka mitatu mfululizo, tangu Novemba 2017 hadi tulipomaliza mwishoni mwa 2020. Chuo sikitaji. Kozi ni ya sayansi, ya miaka mitatu. Wiki iliyopita nilikuwa nahama nyumba, nikakuta chini ya sanduku lile kaunta buku langu la mahudhurio na hela za kutoa kopi. Ukurasa wa kwanza nimeandika majina 112 kwa mkono, namba za simu pembeni. Ukurasa wa mwisho kuna majina 74, ndio tuliovaa joho siku moja.

Nikakaa sakafuni na kalamu nyekundu nikaanza kukata. Tisa walidisko, yaani waliondolewa chuoni kwa kufeli, hao nawajua maana matokeo yao yalibandikwa ubaoni. Sita walihama kozi au chuo. Watano waliahirisha mwaka na hawakurudi. Wanne walihitimu mwaka uliofuata kwa sababu ya keri, yaani masomo waliyofeli wakabaki kuyarudia. Mmoja alifariki, Mungu amrehemu. Hao ni 25. Wanabaki 13 ambao sina habari zao hata kidogo. Hawakudisko wala hawakuaga. Semista hii wanasaini mahudhurio, semista inayofuata hawapo, na mimi naendelea kukusanya mia tano tano za desa, zile kopi za notisi.

Tunaongea kila siku kuhusu wahitimu wasio na ajira. Wasiofika hata kuhitimu nani anawaongelea? Hawa walipita kidato cha sita, wakapata nafasi, wengine na mkopo juu. Dai langu ni hili: wengi wao hawakushindwa masomo. Waliondoka kimya kimya na hakuna aliyewatafuta, mimi nikiwemo. Mnaojua, nisaidieni kuelewa.

#2 Kijukuu cha Kilwa

Hela mkuu. Hela tu. Hayo mengine ni maelezo marefu ya neno hilohilo.

#3 Fundi Mitambo

Kijukuu hapana. Mimi nilikuwa na mkopo asilimia mia na nikadisko mwaka wa kwanza. Uhandisi, miaka minne. Hela ya kula nilikuwa nayo.

Kilichoniua ni hisabati ya semista ya kwanza. Nilitoka shule ya kata, kidato cha tano na cha sita nikasoma bweni, hisabati nilipata C kwa kukesha. Chuo mhadhiri akaingia, akaanza na vitu ambavyo wenzangu wawili watatu walikuwa wanatikisa kichwa kuonyesha wanavijua, nikaona aibu kuuliza. Wiki ya tano kazi za darasani zikaanza kurudi. Kwetu kazi za darasani ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, sasa mtu ukiingia kwenye mtihani na 13 mkononi unaomba miujiza. GPA, ule wastani wa alama, ikaja chini ya 1.8. Kwetu hapo hakuna hata sapu, mtihani wa marudio, unaondoka moja kwa moja. Ukiwa kati ya 1.8 na 2.0 angalau unarudia mitihani.

Kwa hiyo wapo walioshindwa masomo, tusiwafiche. Mimi ni mmoja wao. Baadaye nilikwenda kusoma diploma ya ufundi, nikaelewa hisabati ileile vizuri kabisa, kwa sababu mwalimu alianzia nilipokuwa.

#4 Binti Mwera

Fundi pole kaka. Ila mimi naungana na Kijukuu, na naomba niweke hesabu mezani maana watu wanasema "hela" bila kuonyesha inavyoua.

Enzi za CR bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa 8,500 kwa siku, unapewa ya siku 60 kwa mkupuo, yaani 510,000. Imekuja kupandishwa kuwa 10,000 mwaka wa masomo 2022/23. Haya, bumu limeingia leo. Geto mnaishi wawili, mmelimbikiza kodi ya miezi miwili. Mangi wa duka ana daftari la madeni yako. Mama kapiga simu, mdogo wako anatakiwa alipe mchango wa chakula shuleni na mama anajua siku ya bumu kuliko wewe. Unatuma laki moja. Unalipa sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifunika, maana wewe ulipewa asilimia 60 ya ada tu. Siku ya tatu umebaki na laki na nusu ya kula siku 57.

Halafu bumu linalofuata linachelewa wiki mbili, au jina lako halipo kwenye orodha ya kusaini. Unakwenda kwa afisa mikopo, foleni inazunguka jengo. Hapo ndipo mtu anaanza kukosa vipindi vya asubuhi kwa sababu anasukuma kazi ya kupanga bidhaa usiku. Akikosa vipindi anafeli testi. Akifeli, ubaoni inaonekana amefeli masomo. Chanzo ni hela, jina limeandikwa masomo.

#5 Kijukuu cha Kilwa

Asante dada. Nilisema kwa neno moja, umenifungulia duka zima.

#6 Msajili Mstaafu

Habari zenu vijana. Nilifanya kazi ofisi ya usajili ya chuo kimoja miaka mingi, sasa nimepumzika. Kabla hamjagombana kuhusu sababu, tuweke sawa hesabu ya CR, maana watu wengi wanakosea palepale.

CR, umegawanya 74 kwa 112, ukapata asilimia 66 na moyo umekuuma. Nikuulize: wale sita walihama lini?

Na kosa kubwa kuliko lako ni la wanaochukua idadi ya wahitimu wa mwaka huu wakaigawa kwa waliodahiliwa mwaka huuhuu. Hao ni watu tofauti kabisa! Kama udahili unaongezeka kila mwaka, hesabu hiyo itaonyesha vyuo vinamwaga wanafunzi hata kama hakuna aliyeacha. Lazima uchukue kundi moja lililoanza pamoja, ulifuate jina kwa jina mpaka mwisho. Daftari lako ndilo linalofanya hivyo, ndiyo maana nimefurahi kuliona.

#7 CR_Mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Wanne walihama kozi wiki ya tatu, kile kipindi cha kubadilisha. Wawili walihamia chuo kingine mwaka wa pili.

#8 Msajili Mstaafu

Marahaba. Basi wale wanne hawakuwa wa darasa lako, waondoe. Unabaki na 108. Waliohitimu ni 74 pamoja na wale wanne wa mwaka uliofuata, 78. Hiyo ni asilimia 72. Wale wawili waliokwenda chuo kingine, kwa chuo chenu ni watu waliopotea, lakini kwa nchi huenda ni wahitimu. Wote wawili wakiwa wamemaliza, kwa nchi ni 80 kwa 108, asilimia 74.

Darasa ni lilelile na watu ni walewale, ila namba zimekuwa tatu. Mtu akikutajia kiwango cha kuhitimu cha chuo chochote, mwulize kwanza: kwa muda gani, na aliyehama mmemweka wapi?

#9 Mswahili wa Bronx

Mzee umenigusa. Niko New York, nimesoma hapa kuanzia chuo cha miaka miwili. Marekani kuna sheria ya 1990 inayovilazimisha vyuo vinavyopokea wanafunzi wenye msaada wa serikali kuu kutangaza kiwango cha wanaohitimu. Wanachukua wanaoingia chuo kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote, halafu wanawapa mara moja na nusu ya urefu wa kozi. Digrii ya miaka minne inahesabiwa hadi mwaka wa sita. Walioanza 2014, hadi 2020 waliokuwa wamehitimu palepale walipoanzia walikuwa asilimia 64. Aliyehama akahitimu kwingine hahesabiwi kwa chuo cha kwanza. Aliyefariki huondolewa kwenye hesabu, kwa hiyo CR kwa kanuni hiyo kundi lako ni 107.

Huku wataalamu wamebishana miaka hamsini. Mmoja anaitwa Vincent Tinto, mwaka 1975 alitoa maelezo kwamba mwanafunzi anabaki pale anapojisikia ni sehemu ya chuo, kimasomo na kijamii, na anaondoka kamba zinazomfunga na chuo zikilegea. Wengine wakamjibu kwamba hiyo ni habari ya mabwenini, mwanafunzi anayetokea nyumbani na ana kazi anaondolewa na mambo ya nje ya chuo.

Ila kilichonishawishi mimi ni kitu nilichokiona kwa macho. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, kilianzisha mpango mwaka 2007 unaoitwa ASAP kwenye vyuo vyake vya miaka miwili. Mwanafunzi asome muda wote na akutane na mshauri wake mara kwa mara. Wao wanamfidia pengo la ada, wanamsaidia vitabu, na kila mwezi wanampa kadi ya nauli ya treni na basi. Wakaupima kwa bahati nasibu, hawa waingie, hawa wasiingie. Baada ya miaka mitatu waliohitimu kwenye mpango walikuwa asilimia 40, nje ya mpango asilimia 22.

Nauli wakuu! Jirani yangu alikuwa anakwenda kumwona mshauri hasa kwa sababu ndiko alikokuwa anachukulia kadi. Akifika pale anaulizwa, vipi ile testi ya takwimu? Ndiyo hivyo akajikuta amemaliza.

#10 Kijukuu cha Kilwa

Nauli ni hela. Naendelea kushinda.

#11 Mswahili wa Bronx

Na kuulizwa habari ya testi je, hiyo ni shilingi ngapi?

#12 Mwalimu wa Zamu

Kijukuu leo kapatikana.

Mimi nafundisha sekondari, naona mnazunguka mti wenyewe. Lugha. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza tunambadilishia kila kitu kwa Kiingereza. Anajifunza kukariri. Kidato cha nne anakariri, cha sita anakariri, tena anafaulu vizuri tu. Akifika chuo anaambiwa soma makala tatu uandike hoja yako, na hapo kukariri hakumsaidii tena. Fundi anasema aliona aibu kuuliza. Mdogo wangu Fundi, ungekuwa unaruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili ungenyamaza?

#13 Fundi Mitambo

Mwalimu hilo swali limenikalisha chini. Nadhani ningeuliza. Diploma tulikuwa tunauliza kwa Kiswahili, karakana nzima.

#14 Mwana wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Kwa heshima, mwalimu, hoja ya lugha yatetereka ikivuka mpaka wa Horohoro. Sisi Kenya watoto wafunzwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, na bado watu hawamalizi vyuo. Kwetu kuna ugonjwa mwingine: mising maksi. Umefanya mtihani, umekaa ukumbini saa mbili, karatasi umepeana, na mwaka wa nne ukitafuta jina lako kwenye orodha ya kufuzu waambiwa somo la mwaka wa pili halina alama. Nenda kwa idara, rudi kwa mhadhiri, mhadhiri keshahama. Mimi nilizungushwa miezi kumi na moja kwa somo moja. Wenzangu wamevaa majoho, mamangu kanunua kitenge cha sherehe, na mimi nashika bahasha mlangoni mwa ofisi. Wapo waliochoka wakaacha. Hao utawaweka kundi gani, CR? Walisoma wakamaliza, lakini kwa daftari hawakufuzu.

Na karo pia ipo. Tuna HELB, bodi yetu ya mikopo, tangu 1995, lakini 2023 serikali ilileta mfumo mpya wa kugawa wanafunzi mafungu kwa hali ya nyumbani, huyu ufadhili kiasi hiki, mkopo kiasi hiki, familia itoe kiasi hiki. Wengi walilia kuwa wamewekwa fungu lisilo lao. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo wakiuka Katiba, kesi ikapanda Rufaa. Na katikati ya hayo mwanafunzi yuko langoni na sanduku.

#15 Binti Mwera

Mising maksi ipo huku pia kaka, ila sisi hatukuipa jina. Sisi tunasema "matokeo yana ukakasi".

#16 Mpenda Takwimu

Nyongeza: watu wanasahau kozi zenyewe. Bodi ya Mikopo ilipoanza 2004 ilikuja na vipaumbele, watu wakakimbilia ualimu na kozi ambazo hawazitaki kwa sababu ndizo zenye mkopo. Kisha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, nao wakaleta udahili wa pamoja, mtu anapangiwa chaguo la tano. Utamaliza vipi kitu usichokipenda?

#17 Msajili Mstaafu

Kijana, sheria ya Bodi ni ya 2004, kazi ilianza Julai 2005. Na udahili wa pamoja ulianza 2010 ukasitishwa 2017, maombi yakarudi vyuoni. Darasa la CR liliingia 2017, kwa hiyo waliomba wenyewe. Hoja yako yaweza kuwa kweli kwa walioingia kabla yao, lakini haiwaelezi hao 13.

#18 Mpenda Takwimu

Nimepokea mzee, asante kwa kunisahihisha. Lakini hata anayeomba mwenyewe anaomba kwa kuangalia mkopo. Hapo sibanduki.

#19 Dkt Mkesha

Ninafundisha chuo, niseme la upande wetu bila kujitetea.

Somo langu la mwaka wa kwanza lina wanafunzi zaidi ya 400. Ukumbi una viti 300, waliobaki wanasimama dirishani. Siwajui kwa majina. Ninachokiona ni karatasi. Na karatasi zinasema mapema sana: mwanafunzi ambaye hakutokea testi ya kwanza, mara nyingi simwoni kwenye mtihani wa mwisho. Ninajua hilo wiki ya sita. Mtihani uko wiki ya kumi na sita. Katikati kuna wiki kumi ambazo mtu angeweza kupigiwa simu.

Nani apige? Mimi nina testi 400 za kusahihisha na msaidizi mmoja. Mshauri wa wanafunzi ni mmoja kwa maelfu. Idara haina karatasi inayoniambia, ukiona jina halipo, peleka hapa. Mwaka juzi niliamua kufanya mwenyewe. Niliandika majina 31 ambayo hayakuwa na alama ya testi ya kwanza, nikampa CR awatafute. Alileta jibu la 24. Wengine walikuwa wagonjwa, wengine hawakujua testi ipo, wengine walikuwa kwao wanasubiri ada. Mmoja alikuwa anakaa nyuma ya ukumbi kila siku, anahudhuria, ila hakusajiliwa kwa sababu ya deni, kwa hiyo aliona hana haki ya kufanya testi.

Niliongea na wote 24. Siwezi kuwaambia kwamba wote walimaliza. Naweza kuwaambia kwamba wengi walifanya testi ya pili.

#20 Kijukuu cha Kilwa

Dokta, heshima yako. Kwa hili naondoa neno "tu" kwenye "hela tu".

#21 Fundi Mitambo

Tarehe imeandikwa, Kijukuu kakubali kitu.

#22 Nyasa Boy

Mimi swali langu dogo: CR, hilo kaunta buku ni kwaya ngapi, mbona limedumu hivyo? Langu la chuo liliisha kwa kufungia maandazi.

#23 CR_Mstaafu

Kwaya tatu, la jalada gumu, nililifunika na gazeti na nailoni.

#24 Mtoto wa Tandale

Mmenikumbusha kubebana. Kitanda kimoja watu wawili, mmoja ndiye mwenye chumba, mwingine anaingia usiku mlinzi akizubaa. Nililala hivyo mwaka mzima miguu kichwani kwa mwenzangu. Wali maharage tunagawana sahani, nyama tunanusa kwa jirani. Nakwambieni, yule aliyenibeba ndiye sababu ya mimi kuwa na digrii. Nilikuwa nimeshafunga begi. Akaniambia kaa, hata kama ni mpaka testi ya pili tu. Yule bwana wa Bronx na nadharia yake ya kamba kaniingia, ila kwetu kamba hiyo ilikuwa godoro la futi mbili na nusu.

#25 Mama Pacha

Nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi ni mmoja wa hao mnaowatafuta, si wa darasa la CR, ila wa namna hiyo.

Nilipata mimba semista ya tatu. Sikufeli kitu, GPA ilikuwa 3.6. Wakazaliwa mapacha. Baba yao alikuwa mwaka mmoja nami, kozi nyingine, yeye alihitimu. Nilijaribu kurudi watoto wakiwa na miezi mitano. Vipindi vilikuwa vinaisha saa moja usiku, na dada niliyempata alikuwa anataka kuondoka saa kumi na moja jioni. Siku moja nilikuwa nafanya testi, maziwa yakalowesha blauzi, nikatoka nje nikalia chooni, nikaenda kituo cha daladala. Sikurudi tena. Hakuna aliyenifukuza wala aliyeniuliza. Deni la Bodi ninalo mpaka leo.

Swali langu kwa mzee Msajili: ile miaka yangu ya nyuma bado ipo, au ilishafutika?

#26 Binti Mwera

Mama Pacha, pole sana dada yangu. Na hongera kwa kuwakuza.

#27 Msajili Mstaafu

Mwanangu, ulipoondoka ulijaza fomu ya kuahirisha?

#28 Mama Pacha

Hapana. Niliondoka na begi la nepi tu.

#29 Msajili Mstaafu

Basi sikiliza taratibu. Aliyeahirisha kwa fomu ana mlango wa kurudi unaojulikana. Asiyejaza, kumbukumbu zinaonyesha ametoroka masomo, na vyuo vingi huishia kumwondoa kwenye daftari. Lakini masomo uliyofaulu yalipitishwa na Seneti, hayo hayafutwi kama chaki. Digrii ya miaka mitatu kwa kawaida ni krediti 360, 120 kwa mwaka. Wewe unao mwaka wa kwanza mzima. Nenda kaombe nakala rasmi ya matokeo yako, hiyo ni haki yako. Ukiwa nayo mkononi, uliza mambo mawili: chuo chako kitakupokea tena kwa masharti gani, na chuo kingine kitakuhamishia krediti ngapi. Usikubali jibu la mdomo dirishani. Andika barua, igongewe muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu Bodi, deni halifutiki kwa sababu hukumaliza, na aliyekatiza masomo akitaka mkopo tena hutakiwa kwanza alipe angalau asilimia 25 ya ule wa zamani. Hapo ndipo wengi hukwama. Chuo Kikuu Huria kipo tangu miaka ya tisini kwa watu wenye watoto na kazi, nacho ukiulize.

#30 Mwalimu wa Zamu

Ona sasa. Asilimia 25 ya deni ilipwe na mtu ambaye hakumaliza kwa kukosa hela. Hapa hata mimi naiacha lugha kidogo.

#31 Mpenda Takwimu

Upande wa pili, mwalimu: Bodi inakopesha wa leo kwa marejesho ya wa jana. Aliyeajiriwa anakatwa 15% ya mshahara tangu 2016. Kama aliyeacha njiani anaruhusiwa kuchukua tena bila kurejesha hata robo, mdogo wake wa kidato cha sita atakopeshwa na nini?

#32 Binti Mwera

Aliyeajiriwa ana mshahara wa kukatwa. Mama Pacha mnamkata nini?

#33 CR_Mstaafu

Wakuu, narudi na mrejesho. Juzi na jana nimekaa na simu nikapiga zile namba 13.

Saba hazitumiki tena. Mbili zinaita bila kupokelewa. Nne zimepokelewa.

Wa kwanza yuko Kahama. Mnakumbuka Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni mosi. Alirudi kwao, akaanza kununua mpunga ili asikae bure. Anasema, "Chuo kinafunguliwa, mimi nina gunia arobaini za watu kwenye ghala, nitawaambia nini?" Alikuwa amebakiza semista moja na ripoti ya utafiti.

Wa pili ni dada aliyekuwa anakaa mstari wa mbele kabisa. Alikuwa anadaiwa ada 380,000, matokeo yake ya mwaka wa pili yakafungwa kwenye mfumo. Hajui mpaka leo kama alifaulu. Alijihesabia amefeli, akaondoka. Nimemwambia aende akaulize, akanyamaza muda mrefu kisha akaniuliza kama wanaweza kumkamata kwa deni.

Wa tatu alipata nafasi ya diploma ya uuguzi, akachagua hiyo. Ameajiriwa tangu 2022. Alicheka sana niliposema alipotea. Kaniambia, "CR, mimi sikuacha, nilihama basi."

Wa nne aliniuliza, "Miaka yote hiyo, leo unanitafutia nini?" Akakata.

Sikuwa na jibu la kumpa. Na dai langu la kwanza sasa sina uhakika nalo. Mmoja biashara, mmoja ada, mmoja alichagua lake, mmoja sijui.

#34 Msajili Mstaafu

Huyo wa Kahama na huyo dada, usiwaache. Kuna kikomo cha miaka ya kuwa mwanafunzi kwa kozi moja na wa Kahama huenda kashakipita, lakini aandike barua. Huyo dada kwanza alipe hata kidogokidogo mfumo ufunguke, aone matokeo. Hakuna anayekamatwa kwa kudaiwa ada, mwambie hivyo leo.

#35 Dkt Mkesha

CR, ukiridhia nitumie kwa ujumbe wa faragha jinsi ulivyopanga kurasa za daftari lako. Nataka CR wa darasa langu la Oktoba aanze hivyo siku ya kwanza.

#36 Mama Pacha

Nimekwenda leo, mzee. Nimeandika barua, imegongwa muhuri. Wamesema nirudi baada ya wiki mbili. Karani alinitafuta kwenye kompyuta, jina lipo.

#37 CR_Mstaafu

Dokta, nitapiga picha kurasa kesho nikutumie.

Mama Pacha, nimefurahi mpaka nimesimama.

Moja ya zile namba zilizokuwa zinaita imenipigia jioni hii. Nyuma kulikuwa na mashine ya kusaga, nikawa simsikii vizuri. Ameuliza, "CR, ni kweli bado unalo lile daftari?" Nikamwambia ninalo hapa. Akaniuliza jina lake lipo mstari wa ngapi. Nikamsomea: 87, na hela ya kopi umelipa mpaka wiki ya tisa. Kasema nimpigie saa mbili usiku akishafunga mashine.